Mkono wa Bwana Mifugo

Hapa Misima ukimtaja Bwana Mifugo wa zamani, mtu atakuuliza, "Yule aliyeua ng'ombe wa Mama Zaina?" Mama Zaina ndiye mimi. Miaka yote nimeisikia habari hiyo, mashineni, kisimani, hata msibani, na sijabisha siku moja. Nilikuwa navuta mtandio, natengeneza uso wa mtu aliyeonewa, na watu wananipa pole ya pili juu ya ile ya kwanza. Aibu yangu ndiyo hiyo. Naisema mapema usije ukaniona mtu mwema halafu ukajuta. Ng'ombe alikufa kweli, na sindano aliichoma yeye kwa mkono wake. Lakini kuna neno nilimficha siku ile, na kama ningelisema, mzee yule angekuwa bado yuko hapa na watu wangekuwa bado wanamwamkia.

Jina lake analo, ila sikumsikia mtu akilitumia. Mtoto, mkubwa, mwenyekiti wa kijiji, wote Bwana Mifugo. Alikuwa mrefu, mkavu, shati la kaki, buti za mpira hata siku ya Idi. Sisi Wazigua tulimtania kwamba Msambaa gani huyu ameukimbia ubaridi wa kwao kuja kuungua na jua la Handeni. Alikuwa anajibu, "Nimekuja kuwafundisha kunywa maziwa." Na yeye mwenyewe hakunywa! Maziwa yalimsokota tumbo. Ukimkaribisha anataka chai ya rangi, na ukimsahau ukamtilia maziwa anakutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Kabla ya kumgusa ng'ombe alikuwa na kazi ya kujiandaa, na ole wako umharakishe. Anavua saa, anaitia kwenye buti. Anavua shati, analitundika. Anatoa wembe, anazikata kucha za mkono wa kulia mpaka nyama inaonekana. Halafu anataka maji ya moto, sabuni ya mche na mafuta ya kula, anaosha kuanzia kwenye vidole mpaka kwapani, anarudia mara tatu. Muda wote huo ng'ombe wako analia na wewe roho iko mkononi. Baba Zaina, Mungu amrehemu, siku moja uvumilivu ulimwisha, akamwambia, "Bwana Mifugo, unakwenda kuswali au kuzalisha?" Akajibu bila kugeuka, "Wewe ungependa nani akuingie tumboni na kucha chafu?" Baba Zaina akaenda kuchochea moto.

Aliwasalimia ng'ombe kabla ya wenye ng'ombe. "Pole, mama. Pole sana. Ngoja tuone." Kwa sauti ambayo mkewe, alituambia mwenyewe, hajaisikia tangu waoane. Kwa watu alikuwa mkali mno. Alimfukuza bibi mmoja wa Kwaluguru kwenye banda lake mwenyewe, kwa sababu bibi alifunga jiwe kwenye kondo la nyuma lililogoma kutoka ili lilivute chini. Ndivyo wazee wetu walivyofanya, jiwe au kiatu kibovu. "Bibi, hilo si zigo la kuni!" alifoka. "Unamng'oa mji wa mimba!" Bibi naye hakukubali, alimtukana kwa Kizigua mpaka akaishiwa. Kesho yake Bwana Mifugo alirudi kumtazama ng'ombe, akamletea bibi sukari, na hakuomba radhi. Ndivyo alivyokuwa.

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Mkono una macho." Hakuamini maneno ya mfugaji. Ukianza kumweleza, "Bwana Mifugo, huyu ana mimba ya miezi sita, huyu joto lake lilikuja juzi," anakukata kauli. "Usiniambie wewe. Ngoja nimuulize mwenyewe." Anaingiza mkono kwa nyuma, anafumba macho, halafu anakwambia miezi kamili. Mtu hudanganya, alisema, tena hudanganya zaidi kwenye ng'ombe kuliko kwenye ndoa. Tulicheka sana. Kabla ya siku ile ya sindano ya ng'ombe wangu Subira sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu kitu ambacho mkono wake ungeweza kukitafuta.

Alikuwa na somo lake, ambalo kila mfugaji wa Misima analijua kwa moyo. Alichora ng'ombe kwenye vumbi kwa kijiti, mchoro mbaya, halafu anaanza. "Humu ndani mna ofisi. Bosi yuko kichwani. Bosi hatembei, anatuma matarishi, wanapita kwenye damu. Wenye elimu wanawaita homoni, nyie waiteni matarishi. Yuko tarishi wa joto, ndiye anayemfanya ng'ombe apande wenzake na kulia ovyo. Akishika mimba, anakuja mlinzi. Mlinzi kazi yake ni kukaa mlangoni miezi tisa akisema, tulieni, humu pana mgeni. Siku zikitimia, mlinzi anaondoka, anakuja tarishi wa kufungua mlango, na nyuma yake tarishi wa kusukuma. Haya, wa kusukuma akitangulia na mlango haujafunguliwa?"

Sisi tunajibu kwa pamoja, "Nyumba inabomoka!"

"Ndiyo maana sichomi sindano ya kusukuma mpaka mkono uingie uone mlango."

Tena alikuwa na sindano nyingine, na hii ndiyo yenye habari yetu. Mtungi wa mbegu za kupandikiza, za madume ya ng'ombe wa maziwa, ulikuwa unatoka Korogwe, na haukuja kila siku. Kwa hiyo waliojiandikisha walichomewa ng'ombe wao sindano, joto liwajie pamoja, na mtungi ukija uwakute wote tayari. "Sindano hii inamfukuza mlinzi," alitufundisha. "Kama ndani hamna mtu, hakuna hasara. Joto litakuja. Kama mna mtu..." Hapo anaufuta mchoro kwa buti, wote, kichwa mpaka mkia.

Sharti lake la kuandikishwa lilikuwa moja: ng'ombe akae bandani. Ukimpeleka lamboni kunywa maji, umefutwa. Kule lamboni ndiko wanakonyweshea Wamasai, na madume yao hayasubiri kutambulishwa. Sharti zuri. Lakini maji je? Kiangazi cha Misima kila mtu anakijua. Ng'ombe wa maziwa anakunywa ndoo na ndoo, na hizo ndoo nazibeba mimi kichwani, nimefiwa na mume, binti yuko shule. Kila mmoja wetu alikwenda lamboni kwa kuiba, na kila mmoja alimwambia Bwana Mifugo haendi.

Nilimwona akizalisha mara nyingi, lakini nitasimulia moja tu, maana niliiona na sikuielewa. Subira wangu alikuwa anazaa mzao wake wa kwanza, adhuhuri, jua limesimama utosini. Ndama alikuja kwa nyuma, mkia mbele. Bwana Mifugo alifika akiwa amechoka, akaniita, "Maji!" Nami nilikuwa nimeyatoa jikoni yanatokota, nikaweka beseni chini ili nikalete ya baridi ya kuchanganyia. Niliporudi nilimkuta ameshatumbukiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, anasugua sabuni taratibu. Nikapiga kelele, "Bwana Mifugo, ya moto hayo!" Akautazama mkono wake. Ulikuwa umeiva mwekundu. Akautoa polepole, akasema, "Si sana." Nikamsifu! Haki ya Mungu nilimsifu, nikasema kweli huyu mwanamume, maji yale yangenyonyoa kuku. Alimtoa ndama mzima siku ile, dume, na nikaenda kusimulia kijiji kizima jinsi Bwana Mifugo asivyosikia maumivu.

Miezi michache kabla ya hapo kulitokea jambo Kwaluguru ambalo yeye alilisimulia kama kichekesho. Mkono ukiwa ndani ya ng'ombe mpaka begani, ng'ombe akajibwaga chini, akamlalia. Watu walimwinua ng'ombe kwa magogo. "Nilidhani nitaacha mkono mle nirudi na shati tu," alikuwa anasema, na sisi mbavu hatuna. Hakuna aliyemuuliza bega lilikuwaje. Mimi nilimwona mara mbili tatu akishikilia kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mgonjwa, nikadhani ni uzee.

Sasa nifike pale ninapopachelewesha.

Mwaka uliofuata Subira alikuwa mtupu, nami nilitaka ndama jike wa mbegu ya mtungi. Nilitaka sana. Zaina alikuwa anamaliza shule na ng'ombe wa maziwa ndiye aliyekuwa baba yake. Nikaandikishwa. Ila sindano zilichelewa kuja, kiangazi kikazidi, na mimi nikawa nampeleka Subira lamboni. Siku moja dume jekundu la Kimasai lilimpanda mbele ya macho yangu. Mwenye dume, mzee mmoja mwenye fimbo, alicheka akaniambia, "Yeyo, mama, umepata bure. Utaniletea maziwa." Nikamsonya. Nikajiambia haikushika, mara moja tu, itashikaje? Mwezi ukapita, Subira hakuonyesha joto. Ukapita wa pili, wa tatu. Mwenzangu, moyoni nilijua. Lakini nilijua pia kwamba nikisema, jina langu linafutwa, na nitangoja mtungi mwingine mwaka mzima, na kitakachozaliwa ni kindama cha nundu kisichojaza hata kibuyu. Nikakaa kimya.

Sindano zikaja. Bwana Mifugo akaingia bandani kwangu asubuhi, akavua saa, akakata kucha, akaosha mara tatu. Safari hii maji niliyapoza mwenyewe. Akaingiza mkono, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, mrefu kuliko nilivyozoea. Nikawa nasema kimoyomoyo, sasa atagundua, sasa atanifokea mpaka majirani wasikie. Akafumbua macho. Akaniangalia mimi, si ng'ombe.

"Mama Zaina. Huyu hajakutana na dume?"

Nilishtuka kuulizwa. Tena aliuliza kwa upole, ile sauti ya ng'ombe. Nikamjibu, "Hajakutana, Bwana Mifugo. Yuko bandani siku zote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akautoa mkono, akachoma.

Siku ya tatu Subira alitoa mimba. Kilikuwa kindama kisicho na manyoya, urefu wa kiganja changu, chekundu. Kondo halikutoka. Bwana Mifugo alikuja asubuhi na jioni, akachoma dawa, akamsafisha, hakula kwangu wala kwake. Juma halikuisha, Subira akawa ananuka akiwa hai, akaacha kusimama, akafa kichwa chake kikiwa juu ya buti za yule mzee. Watu walijaa. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Ilikuwaje akachomwa na mimba anayo? Si mkono una macho?" Watu wakaguna. Bwana Mifugo akasimama, akawaangalia wote, akasema, "Nimemuua mimi. Mkono wangu haukuona." Kisha akaniangalia, na mimi nikatazama chini. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema, na nikapaacha papite.

Baada ya hapo watu waliacha kumwita. Walikuwa wanampigia simu kijana mmoja mwenye mkoba, ambaye anachoma sindano ya kusukuma akiwa mlangoni mwa banda, hata mkono hanawi. Ng'ombe wawili walipasuka mji wa mimba, na watu walisema ni bahati mbaya. Mzee alikaa barazani kwenye ofisi yake na chai ya rangi. Ukipita unamwamkia, anaitikia, "Marahaba," na hakuulizi habari ya ng'ombe. Mwaka haukwisha akastaafu, akapakia vitu vyake, akaondoka. Hakuagwa. Mimi nilichungulia dirishani.

Nimemwona tena mwaka huu. Zaina aliolewa Korogwe, upande wa Mashewa, akajifungua, nikaenda kumkanda. Siku ya kumi hivi akaniambia, "Mama, kule bondeni kuna mzee alikuwa Bwana Mifugo kwetu. Ng'ombe wake analia tangu alfajiri." Nikaacha kukanda. Nikaona Mungu amechoka kunisubiri. Nikafunga kanga, nikashuka.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya ng'ombe wake, shati limetundikwa. Amekonda. Mkono wa kulia umening'inia, umekuwa mwembamba kuliko wa kushoto. Mkewe ameshika kamba. Nikasema, "Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba," akaitikia, akanitazama kidogo tu. "Mama Zaina. Kucha zako ndefu?"

"Hapana."

"Osha. Mpaka kwapani. Mara tatu. Anayehudumia mifugo huku yuko mbali, hatamuwahi. Wangu wa kulia umekufa, na wa kushoto haujasoma."

Mkewe alikuwa ameshaleta kichupa na bomba la sindano. "Mchome tu ya kusukuma, baba."

"Mlango una kizuizi. Nyumba itabomoka," akasema. Kisha kwangu, "Ingiza. Akisukuma, tulia. Akipumzika, ndiyo uende. Unagusa nini? Usinifurahishe. Niambie unachogusa, basi."

Nikaingiza. Mungu wangu, kule ndani panabana mpaka vidole vinalia. "Miguu miwili," nikasema.

"Ya mbele au ya nyuma? Gusa vifundo. Vinakunjika upande mmoja?"

"Upande mmoja vyote."

"Ya mbele. Kichwa?"

"Hakuna."

"Hakuna ndama asiye na kichwa, Mama Zaina. Fuata shingo."

Nikaifuata shingo. Ilikuwa imegeukia ubavuni, kichwa kimelala nyuma kabisa. Nikamwambia. Akaniambia niguse pembe ya mdomo. Nikaigusa.

"Tia kidole mdomoni. Ananyonya?"

Nikatia kidole juu ya ulimi. Nikangoja. Mkewe alikuwa ananitazama, yeye alikuwa anatazama ardhi, amefumba macho, kama vile kidole kile ni chake. Nilitaka kusema ananyonya. Wallahi, neno lilikuwa tayari ulimini, nilitaka mzee afurahi hata kwa nusu saa.

"Hanyonyi," nikasema. "Ulimi umelegea tu."

Akafumbua macho. "Haya. Basi tunaye mmoja tu wa kuokoa. Msukume ndama arudi ndani, ukivute kichwa polepole. Hatuna haraka tena."

Tulichukua muda mrefu. Nilitoka jasho, nikatoka machozi, mkono ukapoteza nguvu nikauazima roho. Kichwa kikaja, kamba zikafungwa, mimi na mkewe tukavuta kila ng'ombe aliposukuma. Ndama akatoka. Jike. Mkewe akamfunika kwa gunia. Bwana Mifugo akainuka, akamwekea ng'ombe kiganja cha kushoto mgongoni, akasema, "Pole, mama." Ndipo akamwambia mkewe, "Sasa tarishi wa kusukuma aje, alete kondo." Mkewe akachoma. Baada ya muda ng'ombe akasimama, akaanza kulitafuta gunia.

Nikaanza kulia pale pale, sikungoja kuulizwa. "Bwana Mifugo, Subira alipandwa lamboni. Niliona. Uliponiuliza nikakudanganya."

"Najua. Mmasai mwenye dume alikuja kuniambia siku tulipomzika yule ng'ombe."

"Na hukusema? Watu wamekusema wewe miaka yote hii!"

"Ningesema nini? Yule mimba yake ilikuwa ya zaidi ya miezi mitatu. Mwanafunzi wa wiki mbili angeigusa." Aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya goti. "Tangu Kwaluguru huu ulikuwa hausikii. Nilijua, nikaficha. Ningestaafu kwa ugonjwa, ningekaa na nani kama si ng'ombe? Siku ile niliingiza, nikatafuta, kote kimya. Kama kutia mkono kwenye giza. Ndipo nikakuuliza wewe."

 Alikuwa ameniuliza kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Nitawaambia Misima," nikasema. "Nikirudi tu, nitawaambia wote."

"Waambie vyote viwili," akasema. "Chako na changu. Kimoja peke yake ni uongo mwingine."

Mkewe akatuletea maji kwenye beseni tunawe damu, akaenda kumtazama ng'ombe. Mzee akautumbukiza mkono wake, akaanza kusugua kwa sabuni, taratibu, kama zamani. Mimi nikaingiza vidole vyangu, nikavitoa mbio. Yalikuwa yanaunguza. Yeye alikuwa anaendelea kusugua, ananitazama machoni, anangoja nimwambie.

Nikaushika mkono wake, nikautoa.

"Ya moto, Bwana Mifugo," nikamwambia. "Ya moto sana."